Skonzi za Ng'ambo ya Barabara

Kijiwe chetu cha Majengo ni benchi moja, jiko la mkaa na birika la Otilia, anayetuuzia kahawa. Baridi ya Juni hapa Sumbawanga haina adabu, kwa hiyo tunakaa tumebanana na mazoezi tunafanya kwa mdomo. Ng'ambo ya barabara Margareth amefungua duka la mikate lenye meza za kahawa, na kila msafiri akishuka stendi anakimbilia huko na begi lake. Otilia halalamiki, lakini siku hizi anarudi nyumbani na kahawa nusu birika, na inatuuma. Ndiyo maana tuligonganisha vikombe tukaapa: hakuna mtu wa benchi hili atakayevuka barabara ile. Kususa tunajua.

Asubuhi moja foleni ya Margareth ilikuwa imefika hadi kwa fundi cherehani. Zenon, tunayemwita Waziri kwa sababu hakosi tamko, akaanza.

Waziri: Wale hawana njaa. Ni feni. Margareth ana feni nyuma ya tanuri, kaielekeza stendi. Mtu anashuka basi, harufu inamkamata pua, kwisha habari.

Akadakia Yusto wa bodaboda, jina lake Kipaza. Akinong'ona yeye, soko zima linasikia.

Kipaza: Feni wapi, bana! Siri ni unga. Usiku unalala na redio, unapigiwa kwaya. Ndiyo maana unaumuka vile.

Waziri: Kwaya ya wapi?

Kipaza: Ingekuwa ya kwenu, mkate ungesinyaa.

Mzee Limbu, Msukuma wa ng'ombe, sisi tunamwita Zizi. Akakohoa, maana yake tunyamaze.

Zizi: Ninyi watoto. Kuna jamaa alikuwa anapita kwenda ziwani, Kabwe, kununua samaki, migebuka. Akala skonzi moja. Kila akipanda basi, miguu inashuka. Mpaka leo yupo hapa hapa, kaoa, analima mahindi.

Mimi: Mzee, huyo si shemeji yako?

Zizi: Ndiyo! Nina ushahidi. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

Mimi: Inaingiaje hapo?

Zizi: Foleni si inakwenda polepole?

Otilia akacheka, akatuongezea kahawa. Nikafurahi kumwona anacheka. Tukazidi kuponda.

Waziri: Halafu skonzi zenyewe laini kupita kiasi. Ukibonyeza inarudi. Hiyo skonzi au godoro?

Otilia: Umebonyezea wapi?

Waziri: Nimesimuliwa.

Kipaza: Na ile asali ya juu inanata vidoleni, ukishika klachi haiachii. Hatari barabarani!

Otilia akamtazama Kipaza. Kabla hajafungua mdomo, akatokea binti mwenye begi mgongoni.

Binti: Shikamooni.

Zizi: Marahaba, mwanangu. Unaitwa nani?

Binti: Edith. Basi langu la Kabwe linaondoka baada ya nusu saa. Nikiingia pale ng'ambo, ninunue nini?

Sisi sote, kwa pamoja, kama tumefanya mazoezi:

— Skonzi za ulezi! Za moto!

Zizi: Za trei ya kati. Za pembeni zinaungua.

Hapo hapo nikatamani ardhi ipasuke. Otilia alishusha birika taratibu.

Otilia: Kumbe.

Waziri: Dada Otilia, wahenga walisema...

Otilia: Waache wahenga wapumzike. Mimi tangu lile duka lifunguliwe sijaonja hata chembe. Nikipita pale naziba pua. Najiambia, wenzangu wanajinyima kwa ajili yangu, mimi ni nani nile?

Akafuta mikono kwenye khanga, akamshika Edith mkono, wakavuka. Tuliwaona wakiingia kwenye foleni. Birika lilikuwa mbele yetu, linatoa mvuke, na hakuna aliyethubutu kujimiminia.

Walipotoka, Edith alikimbilia stendi na mfuko wake. Otilia alirudi anatafuna, macho kayafumba nusu, asali kidoleni. Akamaliza, akalamba kidole, akatutazama mmoja mmoja.

Otilia: Tamu. Mlisema kweli. Sasa nijibuni kitu kimoja tu. Siku zote hizo mnavuka, hakuna hata mmoja aliyenikumbuka na kipande?

Waziri akainamia kamba za viatu vyake. Kipaza akafutia vidole kwenye suruali. Zizi akachungulia kikombe chake kitupu, na mimi nikakisogeza changu karibu na birika, kidogo tu.

Otilia: Kahawa imekwisha.

Birika lilikuwa bado linatoa mvuke, zaidi ya nusu.