Fundi Kinyaa na Kabureta ya Lori la Dada

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu na redio. Jana tulimzika Fundi Kinyaa. Ndiyo, Fundi Kinyaa, yule wa kabureta za malori makuukuu, mwenye karakana nyuma ya kinu cha kusaga. Jina lake la nyumbani wengi wamelisahau. Hili la Kinyaa lilimganda kama masizi.

Alilipata kwa haki. Kijiko chenye alama ya kidole alikirudisha jikoni. Mteja mwenye kikohozi aliwekewa benchi lake mbali. Mkewe anasema, "Siku ya posa alinikagua kucha kabla ya kunitazama usoni. Nikajisemea, huyu ni bwana harusi au bwana afya?"

Sasa mtu wa namna hiyo alifuata nini kwenye grisi? Dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea, alimuuliza hivyo hivyo. Akajibu, "Dada, anayependa uchafu hawezi kuuona."

Kabureta, kwa msioijua, ndiyo inayochanganya petroli na hewa kabla injini haijameza. Ni koo la lori. Leo nawasimulia habari za kabureta moja tu, ile ya lori la huyo dada.

Dada aliachiwa lori na marehemu mumewe, pamoja na tanuri la matofali. Dereva alikuwa mwanawe wa pekee. Lori likaanza kutoa moshi mweusi. Likawa linazima kwenye kilima cha tanuri hata likiwa tupu. Mnunuzi wa vyuma chakavu alishafika na kuyapiga teke magurudumu. Dada akasema, wiki ikiisha lori halijapanda, alichukue. Na lori likiondoka, tanuri nalo ndiyo limelala.

Fundi Kinyaa akaitwa. Mpwa wake, yule dereva, akampokea kwa ushauri.

"Mjomba, usijichoshe. Kabureta hii imezeeka. Nimeona moja kubwa, imetoka kwenye injini kubwa. Tufunge ile, lori litaruka."

"Kuku ukimpa tonge la ng'ombe, ataruka au atapaliwa?"

"Hayo ndiyo mambo ya kisasa, mjomba."

"Lete spana, bwana kisasa."

Akaifungua juu ya kitambaa cheupe, maana hakufanya kazi bila kitambaa cheupe. Bakuli la chini lilikuwa na utelezi wa kahawia, kama makamasi. Mchanga. Bawa la mende. Gasketi, ile karatasi ya kuziba maungio, ilikatwa kwenye boksi la sabuni, imelowa, inabanduka kama ngozi ya kidonda. Fundi akatema mate. Akatoa jeti, kile kipande cha shaba chenye katundu ka kupimia petroli. Katundu kamechokonolewa kwa sindano ya kushonea magunia mpaka kamepanuka.

Akainua bakuli puani. Haikuwa petroli tupu. Mlikuwa na mafuta ya taa.

Hapo ndipo mambo yalipojipanga kichwani mwake, wasikilizaji wapendwa. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa haivuti mzigo. Kwa hiyo mtu kapanua tundu, yapite mengi. Na sasa anataka kabureta kubwa, yapite mengi zaidi. Je, petroli yenyewe inakwenda wapi?

"Hebu nipulizie," akamwambia mpwa wake.

"Mjomba, mimi si mlevi."

"Laiti ungekuwa."

Akapuliza. Pumzi ilinuka petroli. Ilikuwa pumzi ya mtu anayenyonya tangi kwa mpira ili akauze pembeni.

Fundi alikuja kumsimulia mkewe kinyaa alichokiona hapo. Mende alishamzoea. Lakini mtoto wa kumnyonya mama yake mjane, kisha akamtazama mjomba machoni na kumwambia injini imezeeka, huyo hakumzoea. Akinyamaza, dada atauza lori akidhani limekufa kwa uzee. Akisema, atamvunja dada. Akabeba bakuli mpaka uani kwa dada.

"Nusa, dada."

Dada alinusa. Akasikiliza. Kisha akasema, "Umemnusa mwanangu kinywa? Wewe mtu au mbwa? Nimekufuta makamasi kwa kanga yangu, leo unaniletea taka uniambie ndiye mwanangu. Toka."

Akatoka. Ila kabureta hakuiacha. Ile ile ya zamani, wala si ile kubwa. Aliloweka kila kipande, akasugua kwa mswaki. Akatia jeti mpya ya kipimo kile kile cha zamani, gasketi ya kweli, boya la ndani ya bakuli lisilovuja. Akamwaga tangi lote, akajaza petroli safi, ufunguo akatia mfukoni mwake.

Siku mnunuzi aliporudi, lori lilipakiwa matofali mpaka juu. Fundi akashika usukani mwenyewe. Dada alisimama chini ya kilima. Lori likanguruma, likapanda, bila moshi, bila kukohoa. Wapakiaji wakapiga miluzi.

Dada akakaa chini, palepale vumbini. Ametuambia mwenyewe: "Wenzangu walishangilia. Mimi niliomba lizime. Lingezima, mwanangu angekuwa msafi."

Halikuzima. Dada alimnyang'anya mwanawe usukani siku ile ile. Na Fundi Kinyaa akamnyima mpwa wake mkono. Iwe harusini, iwe msibani, akinyooshewa mkono alitia wake mfukoni. "Grisi hutoka kwa sabuni," alisema. "Hilo lako sijui hutoka kwa sabuni gani."

Miaka ikapita hivyo. Kisha maradhi yakamlaza, hata kujisafisha hawezi. Mtu yule, wasikilizaji wapendwa, akawa analala juu ya uchafu wake mwenyewe, uso kaugeuzia ukutani. Mgongo wa mkewe ulishindwa kumgeuza. Aliyekuja na beseni kila asubuhi ni yule mpwa. Alimwosha, akambadilisha shuka, akaondoka.

Asubuhi moja fundi akauliza, bado kautazama ukuta, "Huoni kinyaa?"

"Naona, mjomba. Huwa natoka nje natapika, kisha narudi."

Fundi akageuka. "Hilo ndilo neno la kwanza la kweli nililolisikia kinywani mwako," akasema. Akampa mkono.

Wasikilizaji wapendwa, kila mmoja wetu ana mtu anayemnyima mkono. Pengine ana sababu ya haki, kama fundi alivyokuwa nayo. Kabla hatujalala, tumfikirie mtu huyo. Sisemi tujifanye hanuki. Fundi Kinyaa hakujua kujifanya.

Tunampa pole mkewe. Tunampa pole dada yake mkubwa, ambaye lori lake bado linapanda kilima. Na tunampa pole mpwa wake, aliyeomba amwoshe marehemu kwa mara ya mwisho. Safari hii, anasema, hakutoka nje.