Watetezi wa Mgongo wa Fundi

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, ambaye ni mjomba wangu na ndiye mwenye birika la kahawa. Kila jioni tunaitawala nchi kutoka hapo. Yupo Waziri, aliyepewa cheo hicho kwa kuwa hana kazi ila ana majibu. Mimi wananiita Hoja: chuoni nashinda midahalo, hapa nagombea kikombe cha pili. Jioni hiyo tulikuwa tunamtetea Fundi, mwenzetu wa benchi, aliyeanguka kutoka juu ya paa akavunjika uti wa mgongo. Kadi ya bima ya afya ya serikali ameambiwa aingoje mwaka mzima, eti kwanza ithibitike kwamba hatainuka. Huku nyuma vidonda vya kulalia vinamtafuna.

— Mvumilivu hula mbivu, alisema Waziri.

— Ataila saa ngapi, Waziri, na yeye mwenyewe analiwa?

— Usinikate, binti. Hiyo ni mbinu. Wanangoja akasirike. Mtu akipandwa na hasira sawasawa, anasimama mwenyewe!

Mjomba akalitikisa birika kusikiliza kilichobaki.

— Wapi! Ofisi yao iko ghorofa ya tatu, lifti hamna. Anayepanda si mlemavu, na asiyepanda hajafika. Kwa hiyo walemavu nchi hii hawapo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

— Koleo limeingiaje hapo, Mjomba?

— Kama wewe ulivyoingia kwenye kahawa yangu. Kunywa.

Nikapanda juu ya benchi. Mimi nikiwa nimekaa sikasiriki vizuri.

— Kidonda hakijui kalenda! Kadi itoke siku ileile daktari anapoandika! Wakikataa, tunalala barabarani!

— Tunalala! Waziri akaitikia, akijisogeza apate kuegemea ukuta.

— Tunaufunga mji!

— Ufungwe! Ila isiwe Jumamosi, kuna mpira.

Hapo ndipo mke wa Fundi alipokata kona, mfuko wa bandeji mkononi.

— Karibu shemeji! Tunampigania mumeo hapa! Waziri akamlaki.

— Nimewasikia tangu kule dukani. Shemeji zangu, ofisini wamelegea kidogo. Fundi akifika kesho asubuhi wakamwona kwa macho, kadi inatoka, hakuna kungoja mwaka. Gari nimepata. Shida ni zile ngazi. Nani atakuja tumbebe?

Waziri akaanza kuupapasa mgongo wake, kumbe nao una historia. Mjomba akakumbuka kuwa asubuhi ndiyo saa ya wateja, ingawa kiti chake tangu mchana kilikuwa kimelaliwa na paka. Wote wakanigeukia mimi, mwenye damu changa.

Nami kesho asubuhi nilikuwa na fainali ya mdahalo chuoni. Mada: haki ya matibabu kwa watu wenye ulemavu mkubwa. Nimepangwa upande wa kuunga mkono.

Nikashuka, nikakaa kwenye benchi.

Shemeji hakuondoka. Aliuhamishia mfuko mkono wa pili, akatutazama mmoja mmoja, akangoja. Kungoja ameshakuzoea.