Bi Nesta Mbonile na Kiti Kilichoipa Televisheni Mgongo

Tarehe 30 Juni 2025, Bi Nesta Mbonile, matroni wa bweni la wasichana katika shule yetu hapa Tunduma, anastaafu baada ya kutumikia miaka thelathini na miwili. Alipofika mwaka 1993 Songwe haikuwa mkoa, bweni lilikuwa na madirisha ya mbao, na lori likitaka kwenda Chitete masika lilikuwa linaagwa kama mgonjwa.

Mkuu wa shule alipouliza nani aandike wasifu wake, walimu walitazamana. Nikasema naandika mimi, Boazi, mlinzi wa geti. Kwanza, katika wafanyakazi wote ni mimi peke yangu ambaye Bi Nesta alinikuta hapa. Pili, nimesoma darasa la nne la zamani, ambalo kwa sasa ni kama chuo. Madam Witness wa ofisini ndiye aliyechapa. Alitaka kuninyoosha sentensi nikamwambia aziache zilivyo, zimenyooka tayari.

Bi Nesta ni mtoto wa wakulima wa kahawa, kule juu ya Mlowo. Hajawahi kupiga kengele kuamsha wanafunzi. Anapita kati ya vitanda akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa kwaya, ubeti mmoja tu, na anayebaki kitandani baada ya ubeti ule ni mgonjwa. Hakosei. Alilea mabinti mpaka wakaja kuandikisha mabinti zao, na hao nao akawalea. Siku ya kufungua shule, mama mtu mzima mwenye gari lake anafika getini anauliza, "Mama Matroni bado yupo?" Nikimjibu yupo, anajitengeneza kitenge kama mtoto anayeogopa kukaguliwa.

Lakini wafanyakazi wenzangu, mtu akistaafu aandikiwe jambo moja lililo kubwa, siyo mambo mengi madogo. Jambo kubwa la Bi Nesta ni Jumamosi jioni bwaloni.

Televisheni ya shule waliileta wazazi. Fundi wa mjini akaja na dishi, akalifunga juu ya bwalo, akaenda zake. Upepo wa Tunduma ukaligeuza wiki ileile, likawa linaangalia Zambia na watoto wanatazama mahubiri ya Kibemba. Nikapanda mimi. Nikalifunga kwa waya wa seng'enge na mti wa mkaratusi, na tangu siku ile halijatikisika. Atakayesema vingine apande akaangalie.

Baada ya hapo ndipo kikaingia kipindi kinachoitwa Ndevu Tatu. Ni kipindi cha kuchekesha, cha nusu saa. Kuna kijana anaitwa Tino, ameota ndevu tatu kidevuni na anajiona mtu mzima. Sauti inampasuka akiwa anasoma risala mbele ya watu. Anapaka nywele mafuta ya kula. Ana dada yake anayekua naye, na baba yao, Mzee Kondo, fundi cherehani aliyefiwa na mke, anawalea peke yake na hajui aanzie wapi. Hiyo ndiyo hadithi yote. Hakuna bunduki, hakuna mchawi. Na watoto wetu, ambao huwezi kuwakusanya kwa filimbi, walikuwa wanakimbia bwaloni kabla sufuria hazijaoshwa.

Bi Nesta alikuwa anakaa mbele kabisa, chini ya televisheni, kiti chake kikiwa kimeipa mgongo. Anawatazama wanafunzi. Mwanzo ilikuwa ni ulinzi, maana bwalo lina giza na wavulana wapo. Baadaye ikawa ndiyo desturi yake. Mpaka leo hajui sura ya Tino. Anamjua kwa sauti tu. Kipindi chenyewe alikisoma kwenye nyuso za watoto: hapa wamecheka wote, hapa wamecheka wavulana peke yao, hapa huyu ameinamisha kichwa.

Kwenye kikao cha wafanyakazi liliwahi kuulizwa swali, kwa nini watoto wanakipenda kile kipindi kuliko mpira. Mwalimu wa nidhamu alisema ni kwa sababu kinawafundisha kudharau wazazi. Bi Nesta akasema hapana. Akasema, "Wanampenda Tino kwa sababu ametangulia kuanguka. Kila mtoto pale ndani anaogopa kuanguka mbele ya watu. Akiona mwenzake ameanguka, ameinuka na Jumamosi ijayo amerudi, naye anapata moyo."

Mimi sikukubaliana naye, na mpaka leo sijakubali vyote. Nilisimama nikasema siri ni ile nusu saa. Mtoto wa miaka kumi na nne akiaibika leo, anadhani ataaibika mpaka kaburini. Pale kwenye televisheni aibu inaanza na kuisha kabla uji haujapoa. Hilo ndilo linalowapumzisha. Tulibishana mpaka mkuu wa shule akafunga kikao. Sasa nitaandika lililotokea, msomaji aamue mwenyewe.

Kulikuwa na binti kidato cha pili anaitwa Gwantwa, kutoka Ikinga, huko Ileje. Mama yake alishafariki. Shangazi yake, ambaye kwa desturi ndiye wa kumwambia binti mambo ya kukua, aliolewa Zambia na haji. Amebaki na baba, Mzee Asajile, mkulima, mtu wa heshima zake. Na sisi watu wa milima hii tunajua: baba na binti hawaongei mambo hayo. Hata yakitajwa tu, mmoja anatoka nje.

Muhula ule Ndevu Tatu ilionyesha Mzee Kondo akienda dukani kumnunulia binti yake taulo za kike. Anafika dukani, ulimi unakwama, anarudi nyumbani na vitu vingine. Bwalo zima lilianguka kwa kicheko. Bi Nesta, kwa kuwa kiti chake kinatazama watu, akaona mtoto mmoja tu hakucheka. Gwantwa.

Likizo Gwantwa akaenda nyumbani. Jioni ya mwisho, akiwa jikoni na baba yake, akamsimulia kile kipindi. Alisimulia chote, mpaka mwisho. Kabla hajafika huko mwisho, Mzee Asajile alishainuka akatoka nje, na sauti ya binti ikamfuata. Kesho yake binti akarudi shule. Baba akabaki shambani na lile neno, analipalilia pamoja na kahawa, wiki nzima. Jumamosi akafika getini kwangu na gunia tupu mkononi.

"Mzee mwenzangu," akaniambia, "nimekuja kumchukua binti yangu. Shule inayomfundisha mtoto kumtukana baba yake jikoni siyo shule."

Nikamwita Bi Nesta. Alimsikiliza mpaka akamaliza. Akaelewa palepale ambacho baba hakukielewa: yule mtoto hakuwa anatukana. Alikuwa anaomba. Hana mama, hana shangazi, hana mdomo wa kusemea, akaazima mdomo wa televisheni. Lakini Bi Nesta naye ni mtu wa huku. Hawezi kumkabili baba wa watu akamtajia haja za binti yake usoni. Na akinyamaza, jioni ile mtoto anapanda gari la kurudi Ileje na shule inaishia kidato cha pili.

Akasema, "Baba Gwantwa, sikuzuii. Ila mgeni haondoki hapa na njaa. Mzee Boazi, mpeleke benchi la nyuma ya bwalo, pale chini ya dirisha. Makande yanakuja."

Nikampeleka. Umeme ulikuwa umekatika, Jumamosi zetu mnazijua, na ndani watoto walikuwa wananung'unika. Nikamsikia Bi Nesta anawaambia, "Televisheni imelala, ninyi je? Inukeni mcheze wenyewe. Chezeni ile ya dukani." Kisha akavuta kiti chake akakaa pa siku zote. Watoto hawakujua nani yupo nje. Gwantwa naye hakujua.

Ndugu zangu, wale watoto walikijua kile kipindi kwa moyo, neno kwa neno. Hesabu hawaijui hivyo. Jofrey wa Mlowo ndiye aliyecheza Mzee Kondo, lakini hakumcheza kama fundi cherehani wa kwenye televisheni. Alimcheza kama mzee wa kwetu milimani, anayekohoa kabla ya kila neno.

"Nipe… hm… nipe kipande cha sabuni."

"Kingine, mzee?"

"Hm. Betri."

"Za redio au za tochi?"

"Zozote!"

Ndani wakalipuka. Mmoja akapiga kelele, "Mzee, sema tu, hatukuli!" Nikamtazama Mzee Asajile. Bakuli la makande liko mapajani, kijiko kimesimama. Akacheka. Alijizuia ikashindikana, akacheka mpaka mabega yakatikisika. Akaniuliza, "Huyu anayekohoa ni wa wapi?"

"Wa Mlowo."

"Basi anatujua huyu."

Ikafika pale ambapo mzee anarudi nyumbani, anaweka betri mezani mbele ya binti yake na kukaa mbali. Binti alichezwa na Imelda. Anaziangalia zile betri, anajua baba yake alikwenda kununua nini na kilichomshinda ni nini. Anasema, "Asante, baba." Basi. Na bwalo lote likanyamaza. Vijana wale wenye kelele, hata benchi halikulia. Kimya kile hukisikii kanisani.

Halafu Mzee Kondo anarudi dukani mara ya pili. Anamgeuzia muuzaji mgongo, anaangalia barabarani, na kwa kidole, nyuma ya mgongo wake, anaonyesha anachotaka. Watoto wakapiga makofi kama timu imefunga goli.

Mzee Asajile alikuwa amevua kofia. Ameishika magotini juu ya lile gunia. Alisema, "Alinisimulia mpaka mwisho. Mwisho mimi nilikuwa nje." Mtu akiongea na nafsi yake hajibiwi. Baadaye akauliza, "Duka la karibu liko wapi?"

Nikamwonyesha.

Alirudi jua likiwa bado juu ya malori ya mpakani, amebeba mfuko mweusi. Sasa, sheria ya geti langu kila mtu anaijua: mzigo wote unamwagwa mezani, awe mzazi, awe mchungaji. Sijawahi kumwachia mtu. Nikafungua ule mfuko. Juu kulikuwa na kipande cha sabuni. Chini yake kulikuwa na betri mbili, na bwenini hakuna redio wala tochi inayotumia betri za aina ile. Nilipofika kwenye betri nikasimamisha ukaguzi. Nikaufunga mfuko, nikampa Bi Nesta. Mzee Asajile alikuwa amenigeuzia mgongo, anaangalia barabarani. Akaniambia "ndaga", asante ya kwao, akaondoka na gunia lake likiwa tupu kama alivyokuja nalo.

Bi Nesta aliniambia Gwantwa alitoa betri kwanza. Akakaa nazo mkononi muda mrefu, wala hakuharakisha kuangalia vingine. Tranka lake likabaki chini ya kitanda, na lilibaki pale mpaka alipomaliza kidato cha nne mwaka jana. Mwezi ujao anaingia kidato cha tano. Kuyaandika haya nimeomba ruhusa. Yeye alisema, "Andika, babu, kuna wengine wanaosubiri baba zao." Baba yake alisema niandike, ila katika mfuko wake nitaje sabuni na betri tu. Nimetaja sabuni na betri tu.

Kwa hiyo wanaouliza kile kipindi kina nini, jibu hilo hapo. Mwalimu wa nidhamu alidhani watoto wanamcheka baba. Wanamcheka, ndiyo. Lakini wanachokisubiri kila Jumamosi ni kuona kama atarudi dukani. Mtoto anayekua anataka kujua hilo tu: nikiharibu, nikiaibisha, nikisema vibaya, je, mtu wangu atarudi? Hili nimeliona mwenyewe, hakuniambia Bi Nesta, ingawa yeye atasema aliniambia.

Wafanyakazi walichangishana kumpa zawadi. Kamati ikapendekeza televisheni. Nikakataa, na nilikataa kwa sauti. Mtu aliyekaa akiipa televisheni mgongo miaka yote hiyo, utampa televisheni aifanyie nini? Tumempa kiti chake. Mguu mmoja ulikuwa unacheza, nimeugonga mimi, sasa kitamzidi umri. Madam Witness, anayepokea bweni, amesema ataleta cha kwake na atakiweka palepale, kikitazama kulekule. Nitakuwa naangalia.

Siku ya sherehe wanafunzi watacheza ile ya dukani. Mzee Asajile ametuma neno kwamba atafika. Tulimwandalia kiti cha mbele, amekataa. Anataka benchi la nje, na ameomba dirisha liachwe wazi.

Bi Nesta, dada yetu, umetulelea mabinti, na baba zao pia umewalea bila wao kujua. Tunakushukuru sote, kuanzia ofisi kuu mpaka getini. Nenda Mlowo salama. Kahawa ikuzalie, magoti yasikuume, Mungu akupe jioni ndefu yenye watu. Na wajukuu wakikusanyika kutazama chochote wanachotazama, weka kiti chako upande wako uleule. Wewe ndiye unayejua kizuri kiko upande gani.