Vipande Viwili vya Bomba la Kijani

Jumamosi tarehe 31 Julai 2021, Papa Donat Kapya atakabidhi ufunguo wa karakana baada ya kutumikia Kituo chetu cha Vifaranga kwa miaka thelathini na mitano. Aliingia Machi 1986 kama dereva wa gari la mayai, anatoka akiwa mkuu wa usafiri. Cheo hicho hakikumwingia kichwani hata siku moja. Mlangoni kwake bado pameandikwa kwa chaki neno moja tu, Fundi, na mwandiko ni wake mwenyewe. Wasifu huu umeandikwa na Léonard wa stoo, aliyefanya naye kazi muda mrefu kuliko mwingine yeyote aliyebaki, na ambaye ana sababu yake ya pili ya kuuandika.

Wafanyakazi wapya wanaojivunia gari jipya wajue lilikotoka. Kuku wetu wa mbegu wako Kasungami, mashine ya kuangulia, couveuse, iko mjini, na tangu zamani mayai husafiri kati ya hapo na hapo. Oktoba 1991, siku za uporaji, gari lilichukuliwa pamoja na matairi ya akiba, viti vya ofisi na hata kengele ya mlangoni. Iliyobaki ni piki-piki nyekundu ya mwaka 1978, na iliachwa kwa sababu siku hiyo ilikataa kuwaka. Kesho yake Papa Donat aliipiga teke mara mbili ikawaka. Hadi leo anasema ilijua ilichokuwa inafanya.

Basi mayai yakawa yanapanda piki-piki, trei sita za thelathini, zimefungwa juu ya kichanja cha mbele. Kwenda Kasungami, kichanja hichohicho kilibeba gunia la mahindi ya kuku. Mishahara ilikuwa imesimama, mgodi unaachisha watu, stesheni imejaa familia zilizofukuzwa mjini zikisubiri treni. Vifaranga ndivyo vilivyotulisha sote.

Mwezi wa tano 1992 Papa Donat alikwenda Kasenga kumzika baba yake, akakaa wiki tatu. Aliporudi alikuta usukani unampiga viganja kila penye shimo. Alidhani ni uzee wa chombo, na vipuri havikuwepo popote, akavumilia. Mwezi wa sita, katika mayai mia na themanini, vilitoka vifaranga arobaini na kimoja. Tulizoea mia na thelathini na kitu. Mwezi wa saba vilitoka kumi na saba.

Lawama zilimwangukia Mama Victorine Mwaba, mtunza mashine. Mashine ile ilitumia taa za mafuta, na pakasemwa kwamba anazizima mapema ili abebe mafuta nyumbani. Mume wake alikuwa ameachishwa kazi, watoto ni wanne, na kazi hii ndiyo iliyokuwa imewabakia. Mkurugenzi wa wakati huo, marehemu sasa, alimwuliza mtu wa stoo kama jambo hilo linawezekana. Mtu wa stoo akajibu kwamba linawezekana. Mama Victorine akapewa mzunguko mmoja wa mwisho, siku ishirini na moja, kisha aende zake.

Asubuhi ya mzunguko huo Papa Donat alileta trei zake kama kawaida. Mama Victorine alimwomba asiondoke kwanza. Akachukua yai moja ambalo halikuwa na ufa wowote, akaliweka mbele ya tochi, akamwonyesha. Ndani ya yai, upande butu, kuna chumba kidogo cha hewa, nacho hutakiwa kutulia mahali pake. Hiki kilikuwa kinatembea huku na huku kama povu ndani ya pimamaji la mwashi. Akachukua la pili, la tatu, yote hivyo hivyo. Papa Donat alitazama viganja vyake vilivyovimba, akaenda kuifungua piki-piki.

Miguu miwili ya mbele, ile ambayo mafundi wa kwetu huiita fourche, ina springi ndani na mafuta kidogo ya kuituliza. Alipofungua vifuniko vya juu alikuta juu ya kila springi pamepachikwa kipande cha bomba la chuma, urefu wa kidole, ili springi ikae imebanwa na isidhoofike chini ya gunia. Mafuta nayo yalikuwa ya giaboksi, mazito kama asali. Mtu alikuwa ameyatia wakati Papa Donat yuko msibani. Kwa gunia la mahindi, hesabu hiyo ilikuwa nzuri kabisa. Kwa mayai, kila shimo la njia ya Kasungami lilipita moja kwa moja mpaka kichanjani.

Alitoa mabomba. Alimwaga mafuta, akasafisha miguu yote miwili kwa petroli, kisha akamfuata shemeji yake kwenye karakana ya reli akapewa chupa ya mafuta mepesi ya mashine za kunyanyulia. Akatia kiasi kilekile kila upande, akikipima kwa chupa ya dawa ya kikohozi. Fourche bado ilikuwa inakwama. Hapo ndipo ufundi wake ulipoonekana: alilegeza ekseli ya gurudumu na bolti zote zinazoshika miguu, akaikandamiza piki-piki mara kumi, mara ishirini, mpaka miguu ikajipanga yenyewe sambamba, ndipo akakaza tena kuanzia chini kwenda juu. Alipunguza upepo wa tairi kidogo tu. Mwisho alifunga kikombe cha maji kichanjani akazunguka uwanja wote, makorongo na mizizi. Tulimcheka sana, hadi aliporudi na kikombe kikiwa bado kina maji zaidi ya nusu.

Mayai ya asubuhi yalikwenda jikoni. Akarudi Kasungami kuchukua mengine, akaendesha kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, na kabla hayajaingia kwenye mashine aliomba mkurugenzi aite watu wote.

“Mayai haikufwa mu couveuse,” alisema. “Ilifwaka mu njia. Na ni miye niliibeba. Mama Victorine hana kosa.”

Mkurugenzi alimwuliza kwa nini piki-piki ilikuwa ngumu vile. Papa Donat akajibu kwamba ni ya zamani, na mtu wa kuiangalia ni yeye. Alikatwa siku tatu za mapumziko. Siku ya ishirini na moja vilitoka vifaranga mia na ishirini na sita, na Mama Victorine aliangulia vingine maelfu kwa maelfu hadi alipostaafu mwaka 2014.

Mengine yanajulikana. Mwaka 1997, wanajeshi walipokuwa wanakusanya kila chenye magurudumu, aliificha piki-piki ileile chini ya majani ndani ya banda la Kasungami. Walipita, hawakuona. Alipoifukua siku nne baadaye alikuta mayai mawili juu ya kiti, na mpaka kesho anadai yale ndiyo pekee aliyosafirisha bila wasiwasi. Amewafundisha madereva tisa, na hakuna aliyeruhusiwa kubeba trei kabla ya kuzunguka uwanja na kikombe cha maji.

Sasa sababu ya pili. Mabomba yale yalikuwa na rangi ya kijani. Rafu ya stoo ilikuwa ya bomba la kijani, mguu wake mmoja ulikuwa umekatwa, na ufunguo wa stoo nilikuwa nao mimi peke yangu. Nilitaka gunia lifike bila piki-piki kuinamia. Nilipoelewa nilichofanya, niliogopa, nikakubali mama mwenye watoto wanne asemwe. Wiki ileile Papa Donat aliingia kuchukua gunia, na alipotoka nilikuta rafu yangu imewekewa tofali chini ya mguu uliokatwa, imekaa sawa kabisa. Papa Donat hakusema neno siku hiyo, wala kwa miaka ishirini na tisa iliyofuata. Kila asubuhi alinisalimia kama kawaida.

Jumatatu iliyopita, akisafisha sanduku lake la vyombo, aliniita akanipa kitambaa kilichofungwa. Ndani mlikuwa na vile vipande viwili.

“Chukua vitu yako, ndugu,” aliniambia. “Miye naenda. Sitaki mutu mwingine avikute.”

Mama Victorine, umealikwa, na utakaa mstari wa mbele. Mafuta ya taa ulikuwa unayachoma yote, nilijua, sikusema. Nakuomba msamaha hapa, kwa maandishi, mbele ya kituo kizima. Jumamosi nitakuja na mabomba mfukoni, nikuwekee mkononi.

Papa Donat, asante kwa kila yai lililofika zima, na asante kwa tofali. Uishi miaka mingi Kasungami na mkeo Mama Lydie, katika afya na usingizi mzuri. Ulichonibebea muda wote huu kitue hapa, sasa nitakibeba mwenyewe.