Namba Ngeni

Mchana Ummy, mfamasia mgeni kazini Tabora, aligundua kuwa friji la duka lilizima tangu jana, na dawa ya sukari iliyouzwa asubuhi huenda imeharibika. Aliwapigia simu wanunuzi wote. Mzee mmoja tu wa Goweko hakupokea, basi Ummy akapanda treni kumpelekea dawa nzima katika kiboksi cha baridi.

Kiti cha mbele, mzee mwenye kofia ya kiua alikuwa akimlalamikia mama aliyeketi naye.

“Namba ngeni imenisumbua kutwa. Matapeli hao! Nikipokea wataniambia ile hela nitume.”

“Pokea, baba. Huenda kuna mgonjwa.”

“Mgonjwa ni mimi! Dawa yangu ya sukari hii hapa, hata sijaifungua. Nikifika Goweko ndipo nijidunge.”

Ummy akashusha pumzi, machozi yakimlenga. Treni ilipoanza kupunguza mwendo, akapiga simu ahakikishe. Mfuko wa kanzu ya yule mzee ukaita.

“Tapeli wako huyo,” mama akacheka. “Si upokee?”

“Mwache aite mpaka achoke!”

Treni ikasimama. Ummy akainuka na kiboksi chake.

“Shikamoo, babu. Tapeli ni mimi.”