Shangazi Neli Hakuruhusiwa Kuwaaga Watoto

Baada ya miaka ishirini na miwili mbele ya kamera zetu, Nelius Ciakuthii, ambaye watoto wa Meru na Embu wanamjua kama Shangazi Neli, alistaafu mwishoni mwa Februari mwaka huu. Niliombwa niandike katika jarida hili la kituo chetu cha televisheni kwamba alitaka mwenyewe kupumzika. Nimehariri vipindi vyake tangu siku ya kwanza, na sitaandika hivyo.

Kabla ya kutufikia alikuwa mwanamuziki. Nyimbo zake za mapenzi zilichezwa kwenye harusi na baa kutoka Kangeta hadi Embu mjini, na kwa sababu hiyo kanisa la kwao Kianjokoma lilimtoa kwenye kwaya. Kisha akafanyiwa upasuaji wa koo na ile sauti ya juu ikaisha. Kituo kikampa kipindi cha watoto kwa kuwa hakuna mtangazaji mwingine aliyekitaka. Wazazi walilalamika: "Mwimbaji wa baa atafunza watoto wetu nini?" Mwaka haukuisha kabla ya wazazi hao hao kupanga foleni getini, wamewashika watoto mikono.

Tulicheka naye sana. Mbuzi aliyeletwa studio aliwahi kutafuna sifongo ya maikrofoni tukiwa hewani, naye Neli akaendelea kumhoji kwa heshima zote.

Januari alikuja meneja mpya, Bwana Munyi. Siku moja alimsimamisha Neli kwenye korido, mimi nikiwa hapo.

"Mama, watoto wa siku hizi wanataka sura changa."

"Umewauliza?"

Bwana Munyi akatazama simu yake. Neli aliomba kitu kimoja tu, dakika chache za kuwaaga watoto. Alikataliwa, eti wangesumbuka.

Jumatatu ya kwanza baada ya Neli kuondoka, kwenye kiti chake aliketi Joyline, msichana mwenye bidii ambaye hana kosa lolote. Simu ya kwanza ilipigwa na mtoto wa Manyatta.

"Shangazi Neli alikufa?"

Simu ikakatwa, muziki ukawekwa.

Neli alikuwa nyumbani akitazama. Kesho yake alivaa gauni la manjano la kipindi, akaniomba nimsindikize hadi shule moja ya Manyatta. Watoto walimkimbilia, wengine wakimshika mikono kuhakikisha.

"Niko hai," aliwaambia. "Nimestaafishwa tu."

"Na nani?" mmoja akauliza.

"Na watu wazima."

Tangu hapo anazunguka shule baada ya shule, akiwaaga mwenyewe. Hasira haijamtoka, na hajifanyi imemtoka.

Kwenye sherehe yetu ya Ijumaa ya kumuaga, hakuja. Alikuwa kwenye shule za Kangeta. Keki ilikatwa na Bwana Munyi.

Shangazi Neli, asante kwa kazi yako yote. Uwe na afya njema na nyumba yenye amani, na watoto wote wakuone kabla hujachoka.

Susan Wambeti,
Mhariri wa picha