Kisu cha Kwenda Oltepesi

Bedan: Haloo? Nani mwenzangu?

Wacuka: Haloo, Bedan. Ni mimi.

Bedan: Mimi nani? Hii namba siijui.

Wacuka: Wacuka. Yaani hata sauti ya dada yako umeisahau?

Bedan: Wacuka! Na mbona namba ngeni? Simu yako iko wapi?

Wacuka: Imezima. Hii nimeomba kwa jirani, Naipanoi. Habari za Kajiado?

Bedan: Vumbi tu. Na Kitengela?

Wacuka: Upepo. Unausikia?

Bedan: Nausikia. Maandalizi ya Jumamosi je?

Wacuka: Yanaendelea. Sasa, Bedan, kredo ya simu ni ya mwenyewe, wacha niulize haraka. Kwa duka lako bado uko na visu vya kukunja? Vile vya kuweka mfukoni?

Bedan: Visu?

Wacuka: Ee.

Bedan: Vipo. Wale wa kupanda mlima kule Namanga hupitia hapa kununua. Wewe unataka kisu cha nini?

Wacuka: Cha safari. Tunaenda kutembea na vijana wa kanisa, na mabegi mgongoni. Tunaanzia Oltepesi, tunashuka upande wa Magadi.

Bedan: Wewe?

Wacuka: Mimi.

Bedan: Wewe unayelia viatu vinakuuma ukitoka stage mpaka nyumbani?

Wacuka: Watu hubadilika.

Bedan: Na hiyo safari ni lini?

Wacuka: Ni... wiki hii.

Bedan: Wiki hii Jumamosi ni ngurario yako, harusi ya kimila! Bibi harusi ashuke Magadi kwa lile jua, arudi kama mkaa, ndio wamama wamwimbie?

Wacuka: Ni baada ya ngurario. Nimesema baada.

Bedan: Umesema wiki hii.

Wacuka: Kwani wewe unauza visu ama ni polisi?

Bedan: [anacheka] Haya. Unataka cha aina gani?

Wacuka: Kile chekundu nilichoona siku ile. Chenye mkasi na kifungua chupa.

Bedan: Hicho ni cha kukata kucha. Hakina kufuli.

Wacuka: Kufuli ya nini kwa kisu?

Bedan: Sikiza. [kachak] Umesikia? Hiki kimefunguka, kikajifunga hapo. Hakirudi mpaka ubonyeze. Sasa kile chekundu chako, ukikisukuma kwa kitu kigumu, kinajikunja chenyewe. Kinakurudia kwa vidole.

Wacuka: Kwa vidole?

Bedan: Si ndio vimeshika mpini? Mbona sauti imebadilika?

Wacuka: Ni upepo. Basi nataka chenye kufuli. Na mpini usiteleze mkono ukiwa na mafuta.

Bedan: Mafuta gani, huko Oltepesi?

Wacuka: Ya kujipaka. Si umesema kuna jua?

Bedan: Mh.

Wacuka: Na kiwe kinaweza kuingia kwa kiungo.

Bedan: Kiungo cha nini?

Wacuka: Cha... kuku. Tutabeba kuku.

Bedan: Kuku naye anapanda mlima.

Wacuka: Wa kuchoma, Bedan!

Bedan: Kuku wa kuchoma unavunja na mikono. Ngoja, kuna mteja. Sopa, mzee. Tochi ni zile, chagua tu, nakuja. [kwa sauti ya chini] Wacuka, niambie ukweli. Ni huyo Musila wako?

Wacuka: Musila amefanya nini?

Bedan: Anakupiga?

Wacuka: Bedan!

Bedan: Msichana anapiga simu na namba ya jirani. Anataka kisu cha kuficha mfukoni. Anaolewa Jumamosi. Ungekuwa mimi ungefikiria nini?

Wacuka: Musila hawezi kuumiza hata mbuzi.

Bedan: Hiyo nayo ni shida, maana Jumamosi ni mbuzi tu anamngoja. Ahaa.

Wacuka: Ahaa nini?

Bedan: Kiungo. Mafuta. Wacuka, hiki kisu si cha Oltepesi. Ni cha kiande, lile bega la mbuzi.

Wacuka: Mimi sijasema—

Bedan: Unataka Musila aje na kisu chake mfukoni, kama mwizi! Si unajua kwetu kisu hutoka upande wa msichana? Kaka yake anampa bwana harusi mbele ya wazee, anakata bega la mbuzi pale kwa kiungo, linaachana, basi. Wewe ni mke wake na hakuna wa kusema lingine. Akishindwa—

Wacuka: Akishindwa anko Ngigi ataahirisha kila kitu. Najua.

Bedan: Anaweza kuahirisha.

Wacuka: Anataka kuahirisha. Tangu asikie Musila ni Mkamba anatafuta njia.

Bedan: Hayo umeyatoa wapi?

Wacuka: Jumapili nilikuwa Kware, jikoni kwa anko. Nyinyi wawili mlikuwa nje, chini ya dirisha. Alikwambia kisu usikinoe. Alisema ama hakusema?

Bedan: Haloo? Sauti inakatika.

Wacuka: Haikatiki! Nasikia hata huyo mzee akibonyeza tochi.

Bedan: Ni mzaha wa wazee tu. Kila bwana harusi husumbuliwa kidogo.

Wacuka: Kidogo! Kisu kisichoweza kukata mkate!

Bedan: Na si amejiletea mwenyewe? Siku ya kwanza kuja kwetu anko anampa mkono, yeye anatoa wa kushoto. Wa kulia uko ndani ya koti, umelala. Siku ya pili, kushoto tena. Mama amemletea chai, ameipokea na kushoto. Mama alinyamaza, lakini aliona. Hata mimi nilimpa mkono akanipa huo huo. Amelelewa wapi huyo?

Wacuka: Amelelewa vizuri.

Bedan: Basi ni madharau.

Wacuka: Si madharau.

Bedan: Ni nini?

Wacuka: Niliapa sitasema.

Bedan: Kusema nini?

Wacuka: Bedan... kuna kisu kinachofunguka na mkono wa kushoto peke yake?

Bedan: Kwa nini kushoto peke—

Wacuka: Kuna ama hakuna?

Bedan: Musila anafanya kazi kwa kile kiwanda cha Athi River. Si ndiyo?

Wacuka: Ndiyo.

Bedan: Kwa mashine.

Wacuka: Alikuwa kwa mashine. Siku hizi wamemweka getini.

Bedan: Tangu lini?

Wacuka: Mwaka jana.

Bedan: Ni vidole vingapi?

Wacuka: Usiniulize. Tafadhali.

Bedan: Wooi. Na mimi nikamwita Kushoto. Hata kwa matanga ya nyanya, watu wakacheka.

Wacuka: Alisikia. Alicheka na nyinyi.

Bedan: Si angesema tu!

Wacuka: Hataki kupewa mke kwa kuhurumiwa. Anasema wataona mkono, lakini waone akishamaliza kukata. Kila jioni anapitia buchari anaomba mifupa ya mabega. Anaibana na kiwiko, anakata na kushoto. Anaweza, Bedan. Nimemwona kwa macho yangu. Lakini kisu butu kitateleza, na ule mkono mwingine uko hapo hapo.

Bedan: Yeye anajua umenipigia?

Wacuka: Hajui. Ndio maana ya hii namba. Utaniuzia?

Bedan: Hapana.

Wacuka: Bedan!

Bedan: Sikuuzii. Akitoa kisu mfukoni mwake anko atasimamisha mambo, na hapo atakuwa na haki. Kisu lazima kitoke kwetu.

Wacuka: Na kwetu anayebeba kisu ni nani?

Bedan: Ni mimi.

Wacuka: Ndio naogopa.

Bedan: Unaniogopa?

Wacuka: Ulikuwa chini ya dirisha, Bedan. Alisema usikinoe, ukasema sawa. Nilikusikia.

Bedan: Ngoja kidogo. Usikate.

Wacuka: Siwezi kungoja, kredo—

Bedan: Ngoja! [kachak] Hiki ni kizito sana. Hiki... hapana, mpini ni plastiki, utateleza. Kuna kimoja kina kitufe pande zote mbili. Kidole gumba chochote kinafika. [kachak] Umesikia?

Wacuka: Nimesikia.

Bedan: Kina mpini wa mbao umekwaruzwa, hata na mafuta kinashika. Sasa kukirudisha unabonyeza hap— aaai!

Wacuka: Nini?

Bedan: Hakuna.

Wacuka: Umejikata!

Bedan: Kidogo. Nilikuwa najaribu na mkono wa kushoto.

Wacuka: [anacheka] Pole.

Bedan: Jumamosi nitampa hiki. Nitamnyooshea na mkono wa kushoto, akipokee na wa kushoto.

Wacuka: Mbele ya wazee? Anko atasema umewadharau wote.

Bedan: Basi ataniuliza mimi. Hatamwuliza yeye.

Wacuka: Na kile cha anko? Kile butu?

Bedan: Nitakisahau Kajiado.

Wacuka: Akikupigia asubuhi akuambie ukirudie?

Bedan: Simu yangu nayo inaweza kuzima. Kwani ni yako peke yake huzima?

Wacuka: Nikuamini?

Bedan: Wewe umeniletea kuku wa kupanda mlima, halafu unaniuliza mambo ya kuaminiana?

Wacuka: Bedan, sichezi.

Bedan: Hata mimi.

Wacuka: [kwa Naipanoi] Naja, naja, dakika moja aki. Bedan, hii simu inalia, kredo imeisha. Msalimie mama. Funga hicho kidole. Na usimwambie mtu, hata—

Bedan: Wacuka, subiri. Jumamosi mkifika Kware kwa anko nitakuwa getini, peke yangu. Mwambie Musila kabla hajaingia anisalimie na ule mkono wa kulia. Vile ulivyo. [simu inakatika] Umesikia hiyo? Wacuka? Haloo?